Cheti cha Kuzamia Chini ya Barafu: Maandalizi kwa Mkazi wa Dar es Salaam

Mkazi wa Dar es Salaam anayetaka cheti cha kuzamia chini ya barafu hana budi kusafiri, kwa kuwa barafu ya kudumu tuliyo nayo nchini iko kileleni Kilimanjaro, mahali pasipo na ziwa la kuzamia. Hata hivyo, sehemu kubwa ya maandalizi hufanyika hapahapa, kati ya Msasani na visiwa vya Bongoyo na Mbudya. Anayeyafanya kijuujuu ni afadhali aahirishe safari, maana chini ya barafu huwezi kupanda moja kwa moja hadi juu mambo yanapoharibika.

Anza na cheti cha msingi, kinachokuruhusu kufika mita 18, kisha uchukue cha ngazi inayofuata, ambacho katika mfumo wa PADI, shirika la kimataifa linalotoa vyeti vya kuzamia, kinahusisha kuzama mara tano, ikiwemo kuzama kina kirefu na kutafuta njia kwa dira. Cheti hicho, pamoja na umri wa miaka 18, ndivyo PADI inavyodai kabla ya kozi ya barafu, ambayo ina mizamio mitatu. Fomu ya afya ijaze kwa ukweli mtupu, na ukiwa na pumu au tatizo la moyo, muone daktari kabla hujalipia chochote.

Mizamio mitatu haitoshi kukufundisha mambo ya msingi. Kwa hiyo jizoeze hapa hadi uweze kutulia kwenye kina cha mita tano bila kushika kitu, kuvua na kuvaa miwani ya kuzamia bila papara, na kufungua vifungo ukiwa umevaa glavu nene. Suti kavu, yaani vazi la kuzamia lisiloingiza maji, haina kazi kwenye maji yetu ya nyuzi 25 na zaidi, hivyo panga kuisomea huko uendako siku chache kabla ya kozi yenyewe, kwa sababu hewa iliyomo ndani yake ikikimbilia miguuni inaweza kukupindua kichwa chini.

Kuna mazoea ya huku ambayo ni lazima uyaache. Kwenye boti zetu mzamiaji huvuta pumzi mara kadhaa kupitia regulata, kifaa kinacholeta hewa ya mtungi mdomoni, ili kuijaribu. Kwenye baridi kali hilo ni hatari: hewa inayotoka kwenye mtungi wenye shinikizo kubwa hupanuka na kupoa sana, unyevu wa pumzi yako unaganda ndani ya regulata, vali inakwama ikiwa wazi na hewa inamwagika mfululizo. Vuta pumzi ya kwanza ukiwa umeshaingia majini, na hakikisha una regulata mbili kwenye vali mbili tofauti, ili moja ikiharibika ifungwe.

Kiini cha kozi ni kamba. Tundu hukatwa kwa umbo la pembetatu, kwa kuwa kwenye pembe ni rahisi kujiegemeza na kutoka, na theluji iliyo juu ya barafu hufagiliwa kwa mistari inayoelekea tunduni, ili mwanga wake uonekane kutoka chini. Kamba yako inashikwa na mtu aliye juu, mnayewasiliana kwa mivuto mliyokubaliana, huku mzamiaji wa uokoaji akisubiri na kamba ndefu zaidi. Ukiachana na kamba, panda hadi kwenye barafu, simama wima na usubiri. Mwokoaji atapita mbali kuliko ulipokuwa na kuzunguka, mpaka kamba yake ikufikie. Zoezi hili linaweza kuanzia kwenye bwawa la kuogelea hapa mjini, mbele ya mkufunzi, miwani ikiwa imezibwa na mwenzako akishika kamba ukingoni.

Ukichagua Tignes nchini Ufaransa, kumbuka kwamba ziwa lake liko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia mita 300 hesabu za kina na muda wa kuzama hubadilika. Ufini nayo ina maziwa mengi yanayoganda, na zote mbili zinahitaji viza ya Schengen, ambayo maombi yake hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasipungue siku 15. Tiketi ya kurudi iwe ya angalau saa 18 baada ya mzamio wa mwisho, kwa sababu kupanda ndege mapema baada ya kuzama ni hatari.