Jogoo, joto na madini: kurudisha rutuba ya mayai msimu wa joto kali

Joto likikaza, mayai hupungua na kila mfugaji huliona. Jogoo ndiye anayetusahaulisha: bado anawika, bado anapanda, kumbe mbegu zake zimedhoofu. Msimu mmoja niliilaumu mashine ya kutotoleshea wiki tatu nzima kabla sijamgeukia yeye. Tangu hapo nafuata utaratibu huu.

Hatua ya 1: Mulika mayai siku ya 7
Siku ya 7 tangu uyaweke kwenye mashine, pitisha mwanga wa tochi ndani ya yai. Fanya gizani. Yai linaloendelea lina doa jeusi, na mishipa myekundu imetanda kulizunguka kama miguu ya buibui. Lisilo na mbegu ni angavu, kivuli cha kiini tu ndicho kinachocheza ndani. Ukikuta pete ya damu, kiinitete kilikuwepo kikafa. Usimshuku jogoo kwanza, kagua mashine na jinsi ulivyohifadhi mayai.

Hatua ya 2: Mpoze jogoo
Kuku hatoki jasho. Mwili wake una nyuzi 41 hivi, na joto analitoa kwa kuhema. Banda likizidi nyuzi 32, mbegu huanza kuharibika. Weka kivuli, fungua njia za hewa, badilisha maji mara kwa mara yabaki baridi. Mlishe alfajiri na jioni, maana kumeng'enya chakula nako kunaongeza joto mwilini. Jogoo anayeshinda mdomo wazi, mabawa kayaachanisha na mbavu, hakuna madini yatakayomwokoa.

Hatua ya 3: Rudisha chumvi za mwili
Akihema sana hupoteza hewa ya kabonidayoksaidi, uwiano wa asidi kwenye damu unavurugika, na potasiamu inatoka na kinyesi. Mpe elektrolaiti (chumvi hizo za kuyeyusha) kwenye maji saa za joto, kwa kipimo cha kwenye pakiti, ukichanganya upya kila siku. Ukizidisha, kinyesi kinakuwa majimaji na matandiko yanalowa.

Hatua ya 4: Zinki na seleniamu
Hapa ndipo penye kazi. Utando wa mbegu ya jogoo una mafuta yanayoharibika upesi mwili ukipata joto kali. Seleniamu pamoja na vitamini E huyalinda. Zinki inahitajika mbegu zinapotengenezwa. Lakini nakusihi, soma kwanza lebo ya premiksi, yaani mchanganyiko wa madini na vitamini unaoongezwa kwenye chakula. Seleniamu inayoongezwa kwa kawaida haizidi miligramu 0.3 kwa kilo ya chakula, na kutoka kipimo cha kufaa hadi sumu si mbali. Usitumie bidhaa mbili zenye seleniamu kwa pamoja.

Hatua ya 5: Mtengee chombo chake
Chakula cha matetea wanaotaga kina kalsiamu asilimia 3.5 hadi 4 au zaidi. Jogoo inamtosha asilimia 1, tena hata chini ya hapo, na ziada inazitesa figo. Mimi hukining'iniza chombo chake juu, usawa anaoufikia yeye akinyoosha shingo na matetea wasiufikie.

Hatua ya 6: Vuta subira
Mbegu mpya huchukua takriban wiki 2 kutengenezwa, na tetea huweza kuhifadhi zile za zamani kwa wiki 2 au zaidi. Basi mulika tena mayai yaliyotagwa kuanzia wiki ya 5 tangu uanze utaratibu huu na ulinganishe hesabu. Mayai angavu yakiwa bado mengi, na banda limeshapoa, badilisha jogoo.