Lisbon hadi Helsinki: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kukata Tiketi

Kutoka Lisbon hadi Helsinki ni takriban kilomita 3,360 kwa njia ya angani. Ndege ya abiria ikishapaa hukata zaidi ya kilomita 800 kwa saa, lakini ukijumlisha foleni ya kuruka na zamu ya kutua, safari ya moja kwa moja huchukua kati ya saa nne na nusu na saa tano. Kurudi Lisbon mara nyingi huchukua muda zaidi, kwa sababu pepo za juu huvuma kutoka magharibi.

Tiketi huandika saa za mahali, na Helsinki iko mbele ya Lisbon kwa saa mbili mwaka mzima. Ukiona kuondoka 10:00 na kufika 16:40, yaani saa nne asubuhi hadi saa kumi na dakika arobaini jioni, usidhani utakaa angani karibu saa saba. Ni saa nne na dakika arobaini tu. Piga hesabu hiyo kabla ya kumpa mwenyeji wako muda wa kukupokea.

Jambo linaloumiza wengi ni mahali pa kubadilishia ndege. Ureno na Ufini zote zimo Schengen, eneo la nchi za Ulaya ambazo kwa kawaida hazikagui pasipoti kwenye mipaka baina yao, kwa hiyo ukipitia Frankfurt au Amsterdam bado uko ndani ya eneo lilelile. Ukipitia London umetoka. Mwenye viza ya Schengen ya kuingia mara moja ameshaimaliza pale alipoondoka Lisbon, na Helsinki hawatamruhusu kuingia. Huenda hata asipandishwe ndege. Tena, wenye pasipoti za Kenya na Tanzania huweza kudaiwa viza ya Uingereza hata kwa kupita tu uwanjani. Tiketi ya bei nafuu kupitia London isikuvute kabla hujasoma viza yako inaruhusu kuingia mara ngapi. Na hata ukisafiri moja kwa moja, beba pasipoti na kibali cha ukaazi kama unacho, maana ukaguzi wa ghafla upo.

Ukiweza, nunua safari nzima kwa tiketi moja. Ukinunua mbili tofauti na ya kwanza ikachelewa, ya pili ni hasara yako. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inakupa haki ya kudai fidia ya euro 400 kwa umbali huu ukifika umechelewa saa tatu au zaidi, ila si kwa dhoruba au sababu nyingine zilizo nje ya uwezo wa shirika. Tunza kipande cha kupandia ndege.

Uwanja wa Lisbon uko ndani ya mji na metro inafika. Wa Helsinki uko Vantaa, kama nusu saa kwa treni hadi katikati ya mji. Januari, koti zito na glavu viwe kwenye begi la mkononi, kwani Lisbon utaondoka na sweta na Helsinki utakuta barafu.