Ramani ya ateri za mguu: kutoka kwenye Dopla hadi kwenye puto

Wagonjwa wengi wa ateri za mguu hutufikia kidonda kikiwa kimeshatoka. Kisukari cha miaka mingi, kidole kimeanza kuwa cheusi, na karatasi ya rufaa ina maneno mawili tu: "Dopla mguu". Ukikifanya juujuu kipimo hicho cha mwendo wa damu kwa mawimbi ya sauti, mwenzako wa chumba cha angio, wanakofungulia ateri kwa waya na puto, ataingiza waya kwa kubahatisha. Nawaandikia wenzangu mnaoshika probu, kile kichwa cha mashine ya ultrasound, katika hospitali za mikoa.

Hatua ya 1: Kabla ya jeli

Mlaze mgonjwa chali, apumzike dakika 10. Vua soksi zote mbili, hata kama rufaa inataja mguu mmoja.

"Shikamoo mzee. Mguu unakusumbua zaidi wakati gani?"

"Marahaba. Usiku, mwanangu. Mpaka niuning'inize nje ya kitanda ndipo nipate usingizi."

Jibu hilo lina uzito. Damu haina tena nguvu ya kufika vidoleni mguu ukiwa umelala sawa na moyo, kwa hiyo anautegemea mteremko. Papasa mapigo kinenani, nyuma ya goti, nyuma ya kifundo cha ndani, na pale kamba za kiatu zinapofungwa. Linganisha kulia na kushoto.

Ila mguu uliopoa ghafla, ukapauka, ukakosa mapigo, na mwenyewe hawezi kuchezesha vidole, usiuweke kwenye foleni. Mwite daktari wa upasuaji papo hapo. Hapo mnahesabu saa.

Hatua ya 2: Presha ya kifundo kwa presha ya mkono

Funga mkanda wa presha juu kidogo ya kifundo, weka kalamu ya Dopla juu ya ateri, jaza upepo mpaka sauti ipotee, kisha punguza taratibu. Namba ambayo sauti inarudi ndiyo unayoitaka. Pima ateri zote mbili za kifundo, pima mikono yote miwili, chukua kubwa ya mguu ugawe kwa kubwa ya mikono. Mguu 90, mkono 150: jibu ni 0.6. Kuanzia 1.0 hadi 1.4 ni kawaida, 0.9 kushuka chini ni ugonjwa.

Ikizidi 1.4, usifurahi. Kwa wenye kisukari cha muda mrefu na wenye figo mbovu, kuta za ateri hujaa chokaa zikawa ngumu kama bomba la chuma, na mkanda haufaulu kuzibana. Namba inapanda huku kidole kinaoza. Na si lazima ipite 1.4 ndipo ikudanganye. Miaka yangu ya mwanzo nilimwandikia mama mmoja mwenye kidonda cha kisigino "1.2, kawaida", nikamrudisha wodini. Aliporudi kwangu wiki kadhaa baadaye, vidole viwili havikuwepo. Tangu siku hiyo, kila mwenye kisukari nampima na presha ya dole gumba la mguu, kwa sababu ateri ndogo za kidole haziingii chokaa kirahisi. Chini ya milimita 30 za zebaki, kidonda hakina matumaini ya kupona bila kufungua njia ya damu kufika mguuni.

Hatua ya 3: Kuchora ramani

Anza kinenani na probu bapa. Tafuta ateri kuu ya paja, uione inapogawanyika: tawi moja linazama ndani, jingine linateremka na paja. Lifuate hilo mpaka theluthi ya chini ya paja, linapopenya katikati ya misuli kuelekea nyuma ya goti. Mahali hapo ndipo panapoziba mara nyingi kuliko pengine, na ndipo wavivu wanaporuka kwa sababu picha inafifia. Badilisha, chukua probu ya tumbo, bonyeza kidogo, utaona. Kisha nyuma ya goti, na mwisho ateri tatu za chini ya goti.

Pembe ya Dopla, kati ya mawimbi ya probu na mkondo wa damu, isizidi nyuzi 60. Ikizidi, kasi unayosoma haina maana. Ateri nzima hupiga sauti tatu fupi zinazofuatana. Iliyozibwa huko juu hutoa wimbi moja lililolala, kama mtu anayepumua kwa uchovu. Ukilikuta wimbi hilo kinenani, tatizo liko tumboni au kwenye nyonga; panda juu ukalitafute.

Kwenye mbano, yaani mahali ateri ilipobana, pima kasi mara mbili: kabla yake na ndani yake. Ukipata sentimita 80 kwa sekunde kabla na 320 ndani, uwiano ni 4, mbano mkali. Uwiano wa 2 maana yake nusu ya njia imeziba.

Hatua ya 4: Ripoti

Chora. Mchoro wa kalamu unashinda aya tatu. Onyesha ziba linaanzia wapi, urefu wake kwa sentimita, na ateri ipi ya chini ya goti bado inafika kwenye wayo. Na usisahau hali ya ateri kuu ya paja. Ikiwa safi, daktari anaweza kutoboa upande huohuo akishuka. Ikiwa na magamba ya mafuta na chokaa ukutani, atatobolea mguu wa pili avuke, au ampeleke mgonjwa kwa upasuaji.

Hatua ya 5: Chumba cha angio

Kazi hii ya kupanua ateri kutokea ndani ilianzia mguuni. Januari 1964 huko Portland, Marekani, Charles Dotter alipanua ateri ya paja ya bibi wa miaka 82 aliyekataa kukatwa mguu. Hakuwa na puto, alitumia katheta (mirija laini) tupu, nyembamba kwanza kisha nene.

Leo, shika probu wakati wa kutoboa. Sindano iingie mbele ya kichwa cha mfupa wa paja, ili baadaye upate mfupa wa kukandamizia. Ukitoboa juu zaidi, damu itavujia tumboni bila mtu kuiona. Inafuata heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, kisha waya. Waya ukishapita mbano, kilichobaki ni subira: puto la milimita 5 au 6 pajani, 2.5 au 3 chini ya goti, lijae dakika mbili hadi tatu. Stenti, yaani kimrija cha wavu wa chuma cha kuishikilia ateri wazi, iepukwe nyuma ya goti inapowezekana, kwani kila hatua anayotembea mgonjwa inaikunja.

Angalia kreatinini, kipimo cha damu cha kazi ya figo, kabla. Figo zikiwa dhaifu, gesi ya kaboni dayoksaidi inaweza kutumika badala ya dawa ya kung'arisha mishipa. Mgonjwa huitoa kwa pumzi. Isitumike juu ya kiwambo, ule msuli unaotenganisha tumbo na kifua.

Hatua ya 6: Baada ya puto

Kandamiza kinena kwa mkono dakika 15 hadi 20, bila kuchungulia kila dakika. Kesho yake rudia hatua ya 2 kwa mkanda uleule, uandike namba mpya kando ya ile ya zamani kwenye faili.