Somo: Helmeti ya lami na vumbi kwa bei nafuu

Somo hili ni la mtu mwenye pikipiki ya XL, DT, XTZ au hata Boxer, anayetoka Dodoma mjini kwa lami na akishapita Bahi au Chamwino anashika njia ya vumbi na makorongo. Helmeti inayomfaa ina gamba la mtindo wa motokrosi: kidevu kimechomoza mbele ili hewa ipite, juu ya paji kuna kepi ya kuzuia jua, na mbele kuna kioo kinachofunguka au kutolewa kabisa ukavaa miwani ya vumbi. Zipo za bei ya kutisha na zipo za kawaida. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ya bei inalipia wepesi wa gamba, utulivu wa kelele kwenye kasi, kitambaa na chata. Kichwa kinalindwa na povu gumu la ndani, ukubwa unaokukaa sawasawa na mkanda wa kidevu. Pesa yako ianzie hapo.

Hatua ya 1: Pima kichwa kabla ya kwenda dukani

Chukua futi ya fundi cherehani. Izungushe kichwani sentimita 1 hadi 2 juu ya nyusi, ipite juu kidogo ya masikio, na nyuma ipite pale kichwa kinapochomoza zaidi. Pima mara tatu, chukua namba kubwa. Kwa watengenezaji wengi S ni sm 55–56, M ni 57–58, L ni 59–60, XL ni 61–62, lakini kila mmoja ana jedwali lake, kwa hiyo M ya kampuni moja isikudanganye ukadhani ni M ya nyingine. Ukiangukia katikati, anza kujaribu iliyo ndogo.

Hatua ya 2: Soma lebo, usisome stika

Hapa ndipo wengi wanapopigwa. Stika ya DOT, alama ya kiwango cha Marekani, inaweza kuchapwa na yeyote mwenye mashine ya stika. Lebo ya ECE, ambacho ni kiwango cha Umoja wa Mataifa namba 22, hushonwa kwenye mkanda wa kidevu. Ukute duara lenye herufi E na namba pembeni yake: E1 ni Ujerumani, E2 Ufaransa, E3 Italia, E4 Uholanzi, E9 Hispania. Hiyo ni nchi iliyotoa kibali, haisemi helmeti imetengenezwa wapi. Iliyotengenezwa China ikiwa na E3 halisi haina tatizo lolote.

Chini ya duara kuna mfuatano wa namba. Tarakimu mbili za mwanzo ndizo toleo la kiwango: 05 ni la zamani, 06 ni jipya, lililoanza kutumika mwaka 2021 na kuongeza kipimo cha pigo linalozungusha kichwa pamoja na sehemu nyingi zaidi za kugongwa. Kisha kuna herufi. P maana yake kidevu kimepimwa na kinalinda. J ni helmeti ya uso wazi. NP maana yake kidevu kipo lakini hakilindi, na hiyo iache dukani hata kama sura yake inavutia.

DOT ya Marekani ni tofauti: mtengenezaji hujithibitishia mwenyewe, serikali hununua baadhi na kuzipima baadaye. Halisi ina lebo nyuma yenye jina la mtengenezaji, jina la modeli, neno DOT, maandishi FMVSS No. 218 na CERTIFIED. Ukikuta DOT peke yake, endelea kutilia shaka. Za India huwa na alama ya ISI na namba IS 4151. Helmeti isiyo na jina la mtengenezaji popote, ndani wala nje, haina wa kuulizwa.

Hatua ya 3: Fungua ndani

Vuta pedi za mashavu. Karibu zote hutoka kwa vibonyezo. Nyuma yake utafute povu gumu, lile la kufungashia televisheni. Liwe limezunguka kichwa chote, unene wa sentimita 2.5 au zaidi sehemu nyingi. Ligonge taratibu kwa ukucha: liwe gumu, na usilibonyeze kwa dole gumba kwa sababu shimo utakalolitia halirudi. Kukiwa na sponji laini na kitambaa tu, hiyo ni kofia ya kukwepa faini ya trafiki.

Angalia na kidevuni. Helmeti nyingi za bei ya chini zina povu zuri juu, halafu kidevu ni plastiki tupu iliyofunikwa kitambaa. Njia ya kokoto hukuangusha kifudifudi, kwa hiyo sehemu hiyo usiisamehe.

Kama muuzaji hataki ufungue pedi, nenda duka la pili. Na ukiwa soko la Majengo, mwenye duka la nafaka atakupimia: helmeti kamili ya aina hii huwa kama kilo 1.4 hadi 1.7. Ikicheza kwenye gramu mia tano au sita, kuna kitu hakimo.

Gamba la plastiki ya polikaboneti au ABS linatosha kabisa kwa bajeti ndogo. Faibaglasi ni nzuri, ila polikaboneti yenye ECE halisi iko mbele ya faibaglasi isiyo na lebo.

Hatua ya 4: Ivae dakika 15

Si dakika moja. Vaa, funga mkanda hadi vidole viwili tu vipite chini ya kidevu, kisha zunguka dukani. Mashavu yabanwe kidogo, kiasi cha kujing'ata ukitafuna. Pedi zitalegea baada ya saa kadhaa za kuendesha. Paji likianza kuuma baada ya dakika kumi, au ukiivua ukute alama nyekundu katikati ya paji, umbo la ndani halilingani na kichwa chako. Kupanda saizi kunatibu maumivu na kuleta ulegevu, basi badilisha modeli.

Kisha majaribio mawili. Mtu ashike helmeti kwa mikono, wewe jaribu kugeuza kichwa kushoto na kulia: ngozi ya mashavu ifuate, kichwa kisizunguke peke yake ndani. La pili, mkanda ukiwa umefungwa, mtu aweke mikono nyuma chini ya helmeti aisukume juu na mbele. Ikivuka kichwa, rudisha rafuni. Hata lebo ya 06 haisaidii helmeti iliyokutangulia kutua chini.

Mkanda wa pete mbili ndio rahisi kukagua na hauna cha kuharibika. Klipu ya meno ni ya haraka, ila vumbi laini la huku huingia kwenye meno. Isuuze kwa maji na usiipake grisi.

Hatua ya 5: Kioo, miwani na kepi

Nenda na miwani yako ya vumbi dukani. Fungua kioo, ivae, funga tena. Tundu la macho likiwa dogo, fremu itabanwa puani na utaishia kupumua kwa mdomo. Uliza pia kama kioo cha spea kinapatikana. Kioo kitakwaruzika msimu wa kiangazi mmoja tu ukikifuta kwa kitambaa kikavu, na helmeti isiyo na spea ya kioo ni ya msimu mmoja. Nunua cha uwazi. Cheusi ni cha mchana pekee.

Kepi inasaidia sana jioni ukielekea Bahi na jua liko usoni: unainamisha kichwa kidogo, unaona. Ubaya wake ni upepo. Kwenye tambarare za huku, ukizidi km 90 kwa saa, kepi ndefu huvuta shingo juu na kuitikisa pembeni. Tafuta yenye matundu na inayotolewa. Skrubu zake ni za plastiki kwa makusudi, zikatike ukianguka kepi isikamate ardhi na kukusokota shingo. Usiweke bolti za chuma. Zikilegea kwa makunyanzi ya barabara, kaza kwa mkono. Gundi ya kushikia nati hupasua plastiki.

Pesa ikibana

Acha kioo cha jua cha ndani, acha nafasi ya spika, acha michoro. Modeli kama Bell MX-9 Adventure, LS2 MX436 Pioneer na HJC DS-X1 ni za kuanzia kulinganisha, hata za mwaka wa nyuma ambazo maduka hushusha bei. Soma tarehe ya kutengenezwa, mara nyingi iko chini ya pedi.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, helmeti za mitumba kutoka Ulaya vipi? Naona zina E4 kabisa.*

Lebo ni halisi, historia huijui. Povu lililowahi kupokea kichwa katika ajali limeshabonyea, na gamba laweza kurudi umbo lake bila kuonyesha ufa. Watengenezaji wengi hushauri kubadilisha baada ya miaka mitano ya matumizi. Afadhali mpya ya kawaida.

*Yangu ilidondoka kutoka kwenye siti, ikagonga sakafu. Niitupe?*

Si lazima. Povu hubonyezwa na uzito wa kichwa kilichomo, na ikidondoka tupu mara nyingi linabaki zima. Toa kitambaa, angalia povu na gamba kama kuna ufa. Ila ukianguka nayo kichwani na ikagonga, imemaliza kazi. Na msiitundike kwenye kioo cha pembeni cha pikipiki. Ule mkono wa kioo hutoboa povu taratibu.

*Habari za kazi. Mimi navaa mtandio, na mdogo wangu ana rasta. Tupime vipi?*

Salama dada. Mpime mkiwa na kile mtakachoendeshea nacho. Mtandio uwe mwembamba, tabaka moja, bila pini na bila fundo nyuma, kwa sababu fundo linakaa kati ya fuvu na povu na pigo lote linakusanyika hapo. Rasta zishuke shingoni, zisifungwe juu. Akisuka mtindo mwingine mnene, arudie lile jaribio la kusukuma kutoka nyuma.

*Nataka kuipulizia rangi na kuandika namba ya kijiwe chetu.*

Usipulizie kwenye polikaboneti. Thina huila plastiki kwa ndani na helmeti huwa kama kikombe kikuukuu, inavunjika badala ya kunywa pigo. Petroli ni hivyo hivyo, kwa hiyo msiisafishe nayo. Namba ya kijiwe iandikwe kwenye koti la kung'aa.

*Asubuhi ya Juni kioo kinaingia ukungu hadi natembea nimekifungua, macho yanatoka machozi.*

Fungua tundu la kidevu kwanza; wengi hawajui kama lipo. Kama kioo hakina tabaka la kuzuia ukungu, paka tone moja la sabuni ya vyombo ndani, kisha futa kwa kitambaa laini hadi paonekane pakavu. Kama kina pini mbili ndogo pembeni, kinapokea Pinlock, kile kioo cha pili cha ndani, na hiyo ndiyo tiba ya kudumu.

*Nikiagiza mtandaoni?*

Kabla ya kulipa, omba picha ya lebo ya mkanda inayosomeka, picha ya tarehe, na jedwali la saizi la modeli hiyohiyo. Muulize muuzaji kama atabadilisha saizi na nauli ya kurudisha ni ya nani.

*Vumbi limeshika kwenye kioo, nalitoaje bila kukwaruza?*

Lowesha kitambaa laini, kilaze juu ya kioo dakika 10 bila kusugua. Kisha mwaga maji yenye sabuni kidogo, pitisha vidole, suuza, acha kikauke kivulini. Dawa ya kusafishia vioo vya madirisha yenye amonia usiiguse. Na mara moja kwa mwezi kitoe kioo, suuza zile bawaba zake. Mchanga ukikaa pale ndio unaochora ile mistari ya upinde pembeni.