Kuandaa Mswada wa Kitabu cha Picha Pamoja na Waandishi Wenzako

Kabla ya kuupeleka mswada kwa mchapishaji, mpe mwandishi mwenzako ausome kwa sauti huku wewe ukinyamaza, kwa kuwa pale anapokwama msomaji asiyeijua hadithi ndipo penye sentensi ya kurekebishwa. Kitabu cha picha kwa kawaida huwa na kurasa 32, na baadhi yake huchukuliwa na jina la kitabu na taarifa za uchapishaji; kwa hiyo kunja karatasi, tengeneza kijitabu cha majaribio, na ugawe maneno ukurasa kwa ukurasa, ukifuta kila kinachoweza kuonyeshwa na mchoraji. Hatua hii, kwa maoni yangu, haifai kurukwa kamwe. Kisha wasomee watoto, kwa ruhusa ya mwalimu wao, ukitazama nyuso zao zaidi ya kusikiliza sifa.

Ukiletewa mkataba, soma kwanza vipengele vya mrabaha, yaani sehemu ya mauzo anayolipwa mwandishi, na vya haki za tafsiri. Ukichagua badala yake kuichapisha hadithi kupitia African Storybook, maktaba huria iliyoanzishwa Afrika Kusini, fahamu kwamba leseni yake huwaruhusu wengine kuitafsiri na kuibadilisha bila kukuomba, mradi wakutaje.