Somo: Picha ya Korongo Nyangumi na Shairi la Mishororo Mitatu

Wanakikundi, habari za leo. Wengi mnatuma picha nzuri, kisha chini yake mnaweka shairi linaloeleza picha ileile: ndege wa kijivu, majani mabichi, mbingu safi. Hayo tumeshayaona! Shairi libebe kilichoishinda kamera: sauti, upepo, au kilichotokea baadaye. Leo tumfuate korongo nyangumi, yule wa domo la kiatu, kwenye kinamasi cha Mabamba, magharibi ya Entebbe, Uganda.

Hatua ya 1. Uwe mtumbwini saa moja asubuhi. Huku kwenye ikweta jua hupanda wima. Kufika saa nne, kivuli kimeshaziba jicho la ndege.

Hatua ya 2. Tayarisha kamera kabla hujamwona. Stendi ya miguu mitatu iache nyumbani, maana mtumbwi ukiyumba nayo inayumba. Keti chini, viwiko juu ya magoti. Lenzi ya milimita 400 inatosha. Kwa kuwa ndege huyu husimama kitambo kirefu bila kusogea, watu hupunguza kasi ya shata, yaani mlango wa kamera unaopitisha mwanga. Usithubutu: aliyetulia ni yeye, si mtumbwi. Weka 1/1000 ya sekunde au kasi zaidi, na ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) iache ipande. Chembechembe zinavumilika, picha iliyotikisika haina dawa. Fokasi iwe kwenye jicho, si kwenye domo.

Hatua ya 3. Mwombe mwenye mtumbwi azime injini, asukume kwa upondo. Ndege akianza kutapatapa, rudini nyuma.

Hatua ya 4. Subirini pigo. Chakula anachokipenda ni kamongo, samaki mwenye mapafu, ambaye hana budi kuja juu kuvuta hewa. Hapo ndipo korongo hujitupa mzimamzima, kichwa mbele, mabawa wazi, kisha huinuka domo limejaa samaki, matope na majani. Bonyeza mfululizo. Akianza kuyatema majani usiache. Kwangu mimi hizo ndizo picha bora.

Hatua ya 5. Andika. Tumia tathlitha: mishororo mitatu, kila mmoja mizani (silabi) 16, nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho visibadilike.

Mafunjo yanainama, upepo u majanini,
Wewe tuli wasimama, macho chini matopeni,
Mara domo limezama, kamongo yu mashakani!

MASWALI

Swali: Mwalimu, mshororo wa pili si unaeleza picha vilevile?
Jibu: Unaeleza, tena makusudi. Bila utulivu ule, pigo la mshororo wa tatu halishtui.

Swali: Mimi nina simu tu, na nauli ya Mabamba sina. Nifanyeje?
Jibu: Ndugu yangu, Kampala kaloli, yaani korongo marabu, wamejaa juu ya miti na majengo, tena hawaogopi watu. Msogelee kwa miguu, usivute kwa zumu ya simu, inaharibu picha. Kwa maua, nenda bustani ya mimea ya Entebbe, iliyoanzishwa 1898.

Swali: Yangeyange wangu hutoka mweupe pe, manyoya hayaonekani.
Jibu: Kamera imedanganywa na mafunjo meusi nyuma yake, ikaongeza mwanga. Punguza mwanga hatua moja kwenye kamera. Kwa korongo wa kijivu huna haja.

Swali: Naomba unikosolee huu, ni wa ua: «Yungiyungi la ziwani, umependeza sana.»
Jibu: Dada, hesabu: upande wa kwanza mizani nane, wa pili saba. Na hata ukiongeza moja, kupendeza kwake picha imeshakusema. Yungiyungi letu la buluu hufunguka mchana na kufumba baadaye, na picha moja haiwezi kuonyesha hilo. Jaribu: «Yungiyungi la ziwani, jua juu wafunguka.» Mshororo wa kufumba malizia mwenyewe, kina cha kati ni -ni, cha mwisho -ka. Tuma hapa tuuone.