Kabla ya kuvaa jile ya kuzuia risasi, ifungue kwanza

Kama kesho unapanda gari kwenda upande wa Sake, Masisi au Kibumba, na leo jioni mtu wa ofisi amekukabidhi jile ya bluu na kaske, yaani kofia ngumu ya vita, usikimbilie kupiga picha ya kutuma nyumbani. Weka vitu hivyo mezani, washa taa, uvifungue. Kuna mambo ya kuangalia na hakuna atakayekuangalizia.

Kazi yangu ni kuwaongoza waandishi wa habari wageni wanaofika Goma, mashariki mwa Kongo. Nilikuwa hapa waasi wa M23 walipouchukua mji Novemba 2012, na nilikuwa hapa walipouchukua tena Januari 2025. Katika miaka yote hiyo sijaona kitu kinachowapa watu ujasiri wa bure kuliko jile. Mtu akishaifunga mikanda anasimama wima mahali ambapo jana yake angelala kifudifudi. Ukimuuliza jile hiyo inazuia nini, anakujibu, "Risasi." Risasi ipi?

Hilo ndilo swali la kwanza. Jile laini, ile inayokunjika kidogo ukiibana, ndani yake mna tabaka nyingi za nyuzi ngumu, mara nyingi Kevlar, ambayo mkemia Stephanie Kwolek aliivumbua mwaka 1965 akifanya kazi DuPont huko Marekani. Nyuzi hizo huidaka risasi ya bastola, huibonyeza na kuisambaza nguvu yake. Nimesema bastola. Risasi ya bastola ya milimita 9 hutoka kwa mwendo wa mita 350 hadi 400 hivi kwa sekunde, nayo ni nene na butu. Ya kalashi, yaani bunduki ya AK-47, hutoka kwa mita 700 na zaidi, ina ncha, na nyingi zina kiini cha chuma. Kwa jile laini peke yake, hiyo inapita. Sasa niambie, ni nani uliyemwona akipigana Masisi kwa bastola?

Kinachozuia kalashi ni plaki, lile bamba gumu la seramiki, la chuma au la plastiki maalumu iliyoshinikizwa, linaloingia mfuko wa mbele na wa nyuma wa jile. Bila plaki una koti zito tu.

Soma lebo, na uisome taratibu. Jile nyingi zinazofika kwetu zimepimwa kwa kiwango cha NIJ, taasisi ya Wizara ya Sheria ya Marekani. Humo, IIA, II na IIIA ni za bastola. III na IV ni za bunduki ndefu. Hapo wengi huteleza, kwa sababu wanaona IIIA ina herufi ya ziada wakadhani imeizidi III. Ni kinyume, IIIA iko chini. Tangu Novemba 2023 kuna kiwango kipya kilichoondoa utata huo: HG ni bastola, RF ni bunduki ndefu, na RF1 inapimwa pia kwa risasi ya kalashi. Lakini plaki za zamani bado ziko sokoni na maofisini, na zitakuwepo muda mrefu. Ukikuta lebo ya Ulaya imeandikwa VPAM, namba 6 ndiyo inayopimwa kwa risasi ya kalashi yenye kiini cha chuma.

Usifurahi mno hata ukiona IV. Katika kiwango kile cha zamani plaki ya IV, inayopimwa kwa risasi ya kutoboa chuma, ilitakiwa kusimamisha risasi moja tu. Nyingi huzuia zaidi, ila kilichopimwa ni hiyo moja. Na PKM, ile bunduki ya rashasha, haitoi moja.

Jambo lingine la lebo: tafuta herufi ICW. Zikiwepo, plaki hiyo inafanya kazi ikiwa tu nyuma yake kuna jile laini ya kiwango kilichoandikwa hapo. Ukiichomeka peke yake kwenye kibebeo chepesi kisicho na nyuzi ndani, usitegemee maandishi yaliyobaki.

Haya yote nayasema kwa ukali kwa sababu ya dereva mmoja. Alikuwa mtu mzima, sote tulimwita Papa, anaijua barabara ya Sake hadi kila jiwe lililochomoza. Shirika moja, silitaji, lilikodi gari lake kuwapeleka wageni wawili upande huo, na mimi nikaenda kama mkalimani. Asubuhi wakagawa jile. Za wageni zilikuwa nzito, ukiziweka kwenye kiti cha gari kinalia. Ya Papa aliiinua kwa vidole viwili akacheka. "Angalia, mwanangu," akaniambia, "hao wamepewa mawe. Yangu haina uzito, nitaendesha siku nzima bila kuchoka." Rangi ilikuwa ileile, mikanda ileile, na kifuani imejaa vizuri. Hakuna aliyeuliza chochote. Mgao ulifanywa na mtu wa lojistiki mwenye daftari, akaweka alama mbele ya jina la Papa: jile, moja.

Tulipigwa tukiwa tunarudi, tumeshaanza kuhesabu kwamba tumefika. Milio michache kutoka kilimani, sijui hata kama ilitulenga sisi. Moja ikapita kioo cha mbele ikampata Papa kifuani upande wa kulia. Aliendesha kipande kirefu bado, mkono mmoja, mpaka tulipopita kona na mgeni mmoja akamsaidia kuvuta breki ya mkono. Niliposhika jile yake mbele palikuwa na tundu dogo, safi, ambalo kidole changu cha mwisho kisingeingia.

Hospitalini walipomvua, jile ikaachwa chini ya benchi pale koridoni. Nikaiokota na kufungua mfuko wa mbele. Ndani mlikuwa na sponji nyeusi ngumu, imekatwa umbo la plaki na kona zake mbili za juu zimepunguzwa vilevile. Ni ile inayowekwa kiwandani ili mfuko usilegee, mnunuzi aitoe aingize plaki. Hakuna aliyeitoa. Nyuma, sponji nyingine. Risasi ilikuwa imetoboa ya mbele katikati bila hata kuichana.

Papa alipona. Mapafu yake yalikaa na mrija siku nyingi, na hadi leo akipanda ngazi anasimama katikati. Ofisi ilipoulizwa ilieleza kwamba plaki zilinunuliwa kulingana na idadi ya wafanyakazi wa kimataifa, na kwamba za wenyeji "zilikuwa kwenye oda". Jile ya dereva ilihesabiwa kuwa kamili kwa sababu kwenye daftari kulikuwa na safu moja tu, ya jile. Safu ya plaki haikuwepo.

Kwa hiyo fungua mfuko. Toa kilichomo, kishike, kigonge kwa kucha. Plaki moja ya kawaida, sentimita 25 kwa 30, yaani pana kidogo kuliko karatasi ya A4, huwa na kilo 2 na nusu hadi 3 na nusu. Zile za plastiki ni nyepesi zaidi, ila nazo ni ngumu na zina lebo yake. Kama ni nyepesi mno na haina maandishi, rudisha. Kama wewe ni dereva, mkalimani au mbeba kamera na umepewa tofauti na mgeni aliye kiti cha nyuma, uliza kabla gari halijawashwa, tena uulize mbele ya mgeni mwenyewe. Wengi wao hawajui, na wakijua wanakataa kuondoka.

Plaki ikiwepo, iangalie afya yake. Seramiki huvunja risasi kwa kuvunjika yenyewe, ndiyo kazi yake, kwa hiyo haipendi kuangushwa. Nimeona plaki zikitupwa kutoka kwenye buti la Land Cruiser hadi kwenye mawe ya volkano pale uani, halafu kesho yake zinavaliwa. Kwa nje kitambaa kinaficha ufa. Ibane kwa mikono miwili, isikilize, pitisha vidole pembeni. Ukisikia kitu kinasagika au kona inacheza, hiyo imekwisha. Kwa uhakika ni picha ya eksirei, na hospitali yenye mashine inaweza kukupigia ukiomba vizuri.

Nyuzi nazo zinazeeka. Jua, unyevu na jasho vinazimaliza, na watengenezaji wengi huandika dhamana ya miaka 5. Osha mfuko wa nje tu, paneli ya ndani futa kwa kitambaa chenye maji kidogo, usiianike juu ya bati. Msidhani ni hofu za wazee: jile zilizotengenezwa kwa uzi ulioitwa Zylon zilisifiwa sana, kisha ikagundulika joto na unyevu vinaudhoofisha haraka, na mwaka 2005 Marekani ikazifutia idhini. Askari walikuwa wakizivaa kila siku wakati huo.

Vaa juu. Ukingo wa juu wa plaki ufike kwenye kile kishimo cha chini ya koo, kati ya mifupa ya mabega. Wengi wanaivaa tumboni kwa sababu inapumzisha mabega, na moyo unabaki nje. Pembeni chini ya kwapa, shingo, nyonga na mapaja havina kitu, kwa hiyo usijikunje upande ukadhani umefunikwa.

Kaske. Hapa watu wanajidanganya zaidi. Kofia za vita hazikuzaliwa kuzuia risasi ya bunduki. Wafaransa walipowagawia askari wao kofia ya Adrian mwaka 1915 ilikuwa kwa ajili ya vipande vya mizinga vinavyoanguka kutoka juu, na hadi leo hiyo ndiyo kazi kubwa ya kaske. Ya kisasa ya Kevlar hupimwa kwa vipande na kwa risasi ya bastola. Kalashi ikikugonga sawasawa, inapenya. Zile hadithi za mtu aliyepigwa kichwani akainuka ni za kweli mara nyingine, ila mara nyingi risasi ilipita kwa pembe au ilikuwa imeshachoka kwa umbali. Usiitegemee. Lakini usiiache pia, maana kwetu mabomu yanaua mbali na mstari wa mbele. Mei 2024 yaliangukia kambi za waliokimbia vita huko Mugunga na Lac Vert, kwenye mahema, na kipande kidogo cha chuma kinachoruka ndicho kaske inachokiweza. Funga kamba ya kidevu. Ikishapigwa mara moja haivaliwi tena. Kaske ya pikipiki ni ya ajali ya pikipiki.

Jile ikisimamisha risasi, kazi haijaisha. Kipimo cha NIJ huruhusu upande wa ndani ubonyee hadi milimita 44 kwenye udongo wa majaribio. Hebu pima hizo kwenye kifua chako. Mbavu huvunjika, mapafu au ini huweza kuchubuka na damu kuvuja ndani, na mtu anasema yuko salama kwa sababu hakuna tundu. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na plaki hiyo isirudi kazini.

Rangi ina maana yake. Bluu watu wameizoea kwa waandishi na Umoja wa Mataifa. Kijani, kahawia au ya madoadoa inakufanya mwanajeshi machoni pa kila anayekuona kwa mbali, na kwenye barieri, yaani kizuizi cha barabarani, utaulizwa uliipata kambi gani. Usikubali kuuziwa jile ya aina hiyo hata kwa bei ya chini. Huenda ilivuliwa mtu. Ukivuka mpaka kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda, uwe na karatasi za ruhusa, nakala mbili, kwa kuwa nchi nyingi zinaihesabu jile kama kifaa cha kijeshi. Na usisahau kwamba jile nzuri inatamaniwa. Mwenye bunduki akiitaka, mvulie.

Wengi wetu hatuna jile na hatutakuwa nayo. Januari 2025 watu walipigwa wakiwa ndani, wamefunga mlango. Nyumba ya mbao haizuii risasi ya kalashi, bati halizuii, mlango wa gari hauzuii, kabati lililojaa nguo usilihesabu. Ukuta mnene wa mawe ni afadhali kuliko mbao, na kuta mbili kati yako na barabara ni afadhali kuliko moja. Watoto walale chini sakafuni, mbali na dirisha, na asiwepo wa kuchungulia. Milio ikinyamaza, subiri tena. Waliotoka kuangalia mapema nimeshiriki mazishi yao. Hata risasi ya kupigwa hewani kwa furaha inarudi chini.

Ukiwa garini na milio ikaanza mmeshasimama, toka upande usiopigwa, lala nyuma ya gurudumu la mbele ambapo kuna injini. Mkanda wa kuzuia damu, lile garo, ufunge nje ya jile mahali mkono wowote unafika, na ujifunze kuutumia kabla. Andika kundi lako la damu. Mwachie mtu mmoja mjini njia mnayopita na saa ya kurudi. Chaji simu. Beba maji zaidi ya unavyodhani, kwa sababu jile kamili na kaske hupita kilo 10 na jua la kwenda Sake halijali. Ukifika barieri zima muziki, shusha kioo, mikono iwe juu ya usukani, salimia kwanza, na kamera ibaki mapajani.